Mtoto wa nje ya ndoa nchini Kenya: hatua za kulinda haki zake baba angali hai, na cha kufanya akifariki

Wengi huja kuniuliza habari hizi matanga yakiwa yameshaanza. Baba amefariki Jumanne, mama mtoto amesikia kwa watu Jumatano, na Ijumaa tangazo la kifo linatoka gazetini, watoto wote wametajwa isipokuwa wake. Jumatatu anaingia kwangu na bahasha ya kaki. Ndani mna kijitabu cha kliniki na picha moja ya mtoto amebebwa begani na marehemu. "Dada, mtoto wangu ana haki au hana?"

Haki anayo, na hilo halina ubishi tena. Tatizo ni kwamba aliyeweza kusema kwa kinywa chake "huyu ni wangu" hayupo, na waliobaki wana sababu ya kunyamaza. Kesi nyingi nilizoona zilishindwa au zikachukua miaka kwa kukosa karatasi, na sheria yenyewe ilikuwa upande wa mtoto tangu mwanzo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kufanya mapema, baba angali hai, hata kama kwa sasa mnaelewana na hamgombani kuhusu chochote.

Mimi ni msaidizi wa kisheria wa mtaani, si wakili. Kesi ikifika mahakamani tafuta wakili. Mwishoni nimetaja pa kuanzia ikiwa huna pesa.

Kabla ya hatua yoyote: sheria inasemaje

Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wake, na inasema mama na baba wana jukumu sawa la kumkimu, wawe wameoana au hawajaoana. Ibara ya 27 inakataza ubaguzi, na miongoni mwa sababu zilizotajwa humo ni mazingira ya kuzaliwa. Ibara ya 14 inatosha kwa wale ambao baba wa mtoto ni mgeni: mzazi mmoja akiwa Mkenya, mtoto ni Mkenya kwa kuzaliwa, na haidhuru mzazi huyo ni mama.

Mambo hayakuwa hivi siku zote. Chini ya Sheria ya Watoto ya 2001, mama ambaye hakuolewa ndiye aliyebeba jukumu la mzazi tangu mwanzo, na baba aliingia tu kwa kukubali, kwa kuishi na mama kwa muda uliowekwa, au kwa amri ya korti. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 26 Julai mwaka huo, ilifuta tofauti hiyo. Sasa jukumu ni la wote wawili kwa usawa na hakuna mzazi mwenye haki kubwa kuliko mwenzake, mtoto awe wa ndani au wa nje ya ndoa.

Usawa huo unakata pande zote mbili, na akina mama wengi hawapendi kulisikia hili. Baba hawezi kusema "sikukuoa, sidaiwi". Lakini mama naye hawezi kumfungia baba mlango kwa sababu hajatuma pesa mwezi huu. Pesa ni suala moja, kumwona mtoto ni suala jingine, na hakimu hukasirika akikuta mzazi ametumia moja kulipia kisasi cha jingine.

Kuhusu lile neno mwanaharamu: mzee akilitamka kwenye kikao cha ukoo, mwache. Halimo katika sheria hizi wala halimpunguzii mtoto shilingi moja.

Hatua ya 1: Pata cheti cha kuzaliwa chenye majina mawili

Mtoto akizaliwa hospitalini, hospitali hujaza fomu ya taarifa ya kuzaliwa na kukupa sehemu yake. Akizaliwa nyumbani, nenda kwa naibu wa chifu. Kikaratasi hicho ndicho kinachozaa cheti, nacho hupotea kuliko karatasi nyingine yoyote ninayoijua. Kipige picha kwa simu siku hiyohiyo. Baadaye utaomba cheti chenyewe kupitia eCitizen, au uende ofisi ya usajili wa raia iliyo karibu.

Kwa miaka mingi kulikuwa na kikwazo. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo kilisema jina la baba lisiandikwe ila wazazi wote wawili waombe pamoja, au uonyeshwe ushahidi kwamba wameoana. Baba akikataa kufika, nafasi yake ilibaki tupu au ikajazwa alama za X, na mtoto akaenda nazo hadi darasani. Mei 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, akaelekeza kwamba watoto wa nje ya ndoa nao waandikiwe majina ya baba zao. Ukiambiwa dirishani kwamba bila cheti cha ndoa haiwezekani, taja uamuzi huo kwa upole na uombe kuonana na msajili mwenyewe.

Hata hivyo, kwa vitendo bado utaulizwa nakala ya kitambulisho cha baba. Ikiwa anakubali, njia fupi ni kwenda naye, au akupe nakala kabla hujajifungua. Ikiwa hataki, usajili wa mtoto usingoje ugomvi uishe. Mwandikishe, kisha jina la baba liingizwe baadaye kwa makubaliano au kwa amri ya mahakama.

Soma fomu herufi kwa herufi kabla ya kutia sahihi. Baba anaitwa Otieno kwenye kitambulisho, karani aliyechoka ameandika Atieno, na hapo baba wa mtoto amegeuka mwanamke. Unaweza kucheka leo. Miaka kumi na minane baadaye, mtoto anapoomba kitambulisho, kosa hilo linahitaji hati ya kiapo na safari nyingi za ofisini.

Na tafadhali, usiandike jina la babu au la mjomba kwenye nafasi ya baba ili tu isiwe tupu. Najua kwa nini watu hufanya hivyo. Lakini kutoa habari za uongo kwa msajili ni kosa la jinai, na siku mtoto atakapodai kwa baba halisi, karatasi ya kwanza watakayomwonyesha ni cheti chake mwenyewe.

Hatua ya 2: Anza bahasha ya ushahidi, leo

Cheti ni kizuri, ila hakitoshi peke yake, na wengine hawana jina la baba humo. Sikiliza jinsi Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inavyomtambua mtoto wa marehemu. Kwa mwanamke, kila mtoto aliyemzaa ni mtoto wake, ndani au nje ya ndoa. Kwa mwanamume, kifungu cha 3 kinataja milango mitatu: mtoto aliyemtambua waziwazi, mtoto aliyemkubali kwa matendo kuwa wake, au mtoto ambaye kwa hiari yake alijitwika jukumu la kudumu juu yake. Mtoto akiingia kupitia mlango wowote kati ya hiyo, uhusiano wake na jamaa wengine, babu na nyanya wakiwemo, huhesabiwa kana kwamba alizaliwa ndani ya ndoa.

Angalia maneno hayo vizuri. Hakuna mahali yanapouliza kama baba alimwoa mama. Yanauliza baba alifanya nini. Basi kazi yako ni kuhifadhi alama za alichofanya.

Ya kwanza ni pesa. Taarifa ya M-Pesa inayoonyesha kwamba kila mwanzo wa muhula kulitoka kiasi fulani kwenye nambari yake ni ushahidi mzito kuliko mashahidi watatu. Usitegemee ujumbe mfupi ulio kwenye simu, kwa maana simu huibwa na kuanguka majini. Omba taarifa rasmi mara moja kwa mwaka, ichapishe na uiweke. Kisha jenga mazoea haya madogo: akituma, mjibu kwa maandishi ukitaja pesa ni za nini. "Nimepokea 3,000 za karo ya muhula wa pili ya mtoto wetu, asante." Akijibu "sawa" tu, amekubali mambo mawili kwa neno moja.

Nyingine ni fomu ambazo baba alijaza bila kufikiria mahakama: fomu ya kujiunga na shule penye nafasi ya mzazi, bima ya afya alikomwandika mtoto kuwa tegemezi wake, kadi ya ubatizo, fomu ya mwajiri. Hizi ndizo ninazozipenda zaidi, maana hakuna anayeweza kusema zilitungwa kwa ajili ya kesi. Picha zinasaidia zikiwa na tarehe na zikionyesha familia yake, si ninyi wawili peke yenu hotelini. Jumbe za WhatsApp usizikate vipande. Hifadhi mazungumzo yote pamoja na simu yenyewe, kwa sababu ukizichapisha kwa ajili ya korti utatakiwa kutoa hati inayoeleza zilitolewa kwenye kifaa gani na nani alizichapisha.

Halafu watu. Mpeleke mtoto kwa upande wa baba mapema, ikiwa si hatari kufanya hivyo. Shangazi aliyewahi kulala naye nyumba moja likizo ya Agosti atakuwa na la kusema kuliko jirani yako aliyesikia kwako.

Hatua ya 3: Mwiteni mezani, kwa maandishi

Baba akianza kukwepa, usikimbilie mahakamani siku hiyo wala usiende kazini kwake kumwaibisha. Nenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo mnakoishi. Huduma yake hailipiwi. Atamwandikia baba barua ya wito, na wengi wanaopuuza simu za mama mtoto hawapuuzi barua yenye mhuri wa serikali.

Kikao hakichukui muda mrefu. Nimewahi kuketi pembeni mama akisema, "Afisa, mimi sitaki vita, nataka karo tu," na baba akajibu, "Mimi sijakataa, ni vile hali ni ngumu." Hapo kuna jambo la thamani limeshatamkwa: sijakataa. Hakikisha linaandikwa. Makubaliano yaonyeshe kwamba yeye ni baba wa mtoto fulani aliyezaliwa tarehe fulani, atatoa kiasi gani, kila tarehe ngapi, kupitia njia gani, nani analipa karo na nani matibabu, na lini atakuwa na mtoto. Kila mmoja atie sahihi na kuweka nambari ya kitambulisho. Karatasi inayosema "atasaidia kadiri ya uwezo wake" haina kazi. Uwezo wake ataupima mwenyewe kila mwezi, na kila mwezi utapungua.

Makubaliano haya yanaweza kupelekwa mahakamani yafanywe amri. Fanyeni hivyo mnapoelewana, kwa sababu mkishakosana mmoja wenu hatataka tena.

Hatua ya 4: DNA, ikiwa anakana

Kipimo hiki kimezungukwa na uvumi mwingi. Sampuli ni ute wa ndani ya shavu, unapanguswa kwa kijiti chenye pamba; hakuna sindano ya kumtisha mtoto. Hufanywa na Mkemia wa Serikali, KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba) na maabara za kibinafsi.

Ukikusanya nywele za baba kisirisiri na kuzipeleka maabara, huenda ukapata jibu la kukutuliza moyo, lakini mahakama haitaliamini. Itauliza sampuli ilitoka kwa nani, nani alishuhudia, ilisafirishwaje. Njia inayosimama ni kipimo cha makubaliano mbele ya afisa au wakili, au cha amri ya korti. Na korti haitoi amri hiyo kwa kila anayeomba. Lazima kwanza uonyeshe msingi, yaani kitu kinachowaunganisha wewe na huyo mwanamume wakati mimba ilipotungwa. Hapo bahasha ya hatua ya 2 inafanya kazi tena.

Korti ikiamuru na baba akakataa kwenda, hakimu anaweza kuchukulia kukataa kwake kuwa ni dalili kwamba anajua jibu. Gharama kwa kawaida hubebwa na anayeomba au hugawanywa, lakini omba korti izingatie kipato cha kila mmoja.

Jambo moja huwashangaza wanaume. Majibu yakisema mtoto si wako, hilo halifuti kila kitu papo hapo. Ikiwa kwa miaka umemlea mbele za watu kama mwanao na kujitwika jukumu lake, ule mlango wa tatu wa Sheria ya Urithi unaweza kuwa bado wazi.

Hatua ya 5: Kesi ya matunzo katika Mahakama ya Watoto

Kesi hufunguliwa katika mahakama ya hakimu iliyoteuliwa kusikiliza mambo ya watoto, kwa kawaida karibu na anakoishi mtoto. Siku hizi nyaraka huwasilishwa kwa mfumo wa mtandaoni wa Idara ya Mahakama. Kama huna kompyuta, saiba yoyote iliyo karibu na korti imeshazoea kazi hiyo. Unahitaji cheti cha kuzaliwa, hati ya kiapo inayosimulia hali, ushahidi wako, na orodha ya mahitaji ya mtoto. Omba pia amri ya muda. Kesi kamili inaweza kuburuta, na mtoto hali kesi.

Orodha ya mahitaji ndiyo inayoangusha watu. Kenya haina jedwali linalosema baba atoe asilimia ngapi ya mshahara. Hakimu anapima mapato na mali ya wazazi wote wawili, mahitaji ya mtoto, hali aliyozoea kulelewa, ulemavu kama upo, na wategemezi wengine wa kila mzazi. Anapima kwa takwimu ulizompa. Nimeona orodha iliyoandika karo 12,000 kwa mwezi. Shule ilikuwa inatoza 12,000 kwa muhula. Mihula ni mitatu, jumla 36,000 kwa mwaka, yaani 3,000 kwa mwezi. Wakili wa baba aliiona kabla ya hakimu kuiona, na kuanzia hapo kila mstari wa orodha, hata wa kweli, ulitiliwa shaka.

Basi gawanya vizuri. Vya kila mwezi peke yake: chakula, sehemu ya kodi ya nyumba, nauli, mlezi wa kumtazama ukiwa kazini. Vya muhula na vya mwaka vigeuze kuwa vya mwezi na uonyeshe hesabu. Ambatisha stakabadhi. Usiandike kodi yote ya nyumba kana kwamba mtoto anaishi peke yake. Na usisahau kujiandika mwenyewe: kumpikia, kumfulia na kumpeleka kliniki ni mchango, na korti huuhesabu.

Kuhusu mapato ya baba, omba korti imtake aweke hati ya kiapo ya mapato yake pamoja na hati za mshahara na taarifa za benki. Aliye na biashara asiyekuwa na hati ya mshahara ni mgumu zaidi. Hapo onyesha anavyoishi: gari, nyumba, shule wanakosoma watoto wake wengine. Mahakama haitafurahia kuona mtoto mmoja anasoma shule ya bweni ya gharama na ndugu yake anarudishwa nyumbani kwa karo.

Kabla ya kusikilizwa, faili inaweza kupelekwa kwa upatanishi wa mahakama. Usiuone kama njia ya kukuchelewesha, kwani kesi nyingi za matunzo huishia hapo.

Amri ikitolewa na isifuatwe, rudi korti ileile na rekodi ya miezi aliyokosa. Mahakama inaweza kumwita ajieleze, kuagiza mwajiri akate mshahara, kukamata mali, au kumpeleka jela ya madai, yaani kifungo cha asiyelipa anachodaiwa. Hali ikibadilika, iwe yako au yake, kila upande unaweza kuomba kiasi kibadilishwe. Kwa kawaida matunzo hufika ukomo mtoto akitimiza miaka 18, ila korti inaweza kuyaongeza, kwa mfano akiwa bado masomoni au akiwa na ulemavu. Ombi hilo lipelekwe mapema.

Baba unayesoma hapa kwa sababu umenyimwa mtoto: mahakama ni hiyohiyo na utaratibu ni huohuo. Peleka ombi la kumwona, na endelea kutuma pesa huku ukiweka kumbukumbu.

Hatua ya 6: Kwa baba anayetaka mambo yaishe vizuri

Andika wosia na umtaje mtoto kwa jina na tarehe ya kuzaliwa. Mwandike kwenye fomu ya wanufaika ya sacco na ya mfuko wa pensheni; fomu hizo watu hujaza siku ya kuajiriwa, wakaandika jina la mama yao na wasizirudie tena kwa miaka ishirini. Ikiwa nyumbani hawajui, unaweza kuacha hati ya kiapo kwa wakili. Najua ni mazungumzo magumu kwa mke. Yatakuwa magumu zaidi kando ya kaburi.

Hatua ya 7: Baba amefariki

Hapa siku zinahesabiwa. Usianze na vita vya mazishi. Kama hakuna kipimo cha DNA na unajua ukoo utakana, wakili anaweza kuiomba korti iamuru sampuli ichukuliwe kabla maiti haijazikwa. Baadaye inawezekana kupima kupitia ndugu wa marehemu, ila ni safari ndefu.

Kisha nenda kwa chifu wa eneo la marehemu. Barua yake ndiyo hutaja jamaa waliobaki, nayo huenda nyuma ya ombi la kusimamia mirathi. Peleka nakala za cheti na ushahidi wako kwa maandishi, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Chifu akishampokea mtoto kwa karatasi, inakuwa vigumu kusema hakujua.

Sheria inamtaka anayeomba usimamizi awataje watoto wote wa marehemu. Ombi hutangazwa katika gazeti rasmi la serikali, ambalo kwa kawaida hutoka Ijumaa na linasomeka bure mtandaoni, na wenye pingamizi hupewa siku 30. Tafuta jina la marehemu humo kila wiki. Ukitaka kujilinda zaidi, weka mahakamani notisi ya tahadhari ili uarifiwe mtu yeyote akiomba. Kwenye ardhi yenye hati, wakili anaweza kukuwekea zuio katika ofisi ya ardhi ili isiuzwe kimyakimya. Na ukiona mtu anauza ng'ombe au kukusanya kodi za nyumba kabla ya kupewa usimamizi, kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinasema hilo ni kosa la jinai.

Mgao wenyewe, marehemu akiwa hakuacha wosia, ni hivi kwa ufupi. Akiwa hakuacha mke, watoto hugawana sawasawa. Wakiwa wanne na mmoja wao ni wa nje, kila mmoja ana robo. Akiacha mke mmoja, mke huchukua vyombo vya nyumbani na kutumia mali iliyobaki maishani mwake, kisha hugawanywa kwa watoto sawa. Wake wakiwa zaidi ya mmoja, mali hugawanywa kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto, na hapo kumpanga mtoto ambaye mama yake si mmoja wa wake hao kunahitaji wakili.

Wosia uliomruka mtoto haufungi mlango. Kifungu cha 26 kinamruhusu mtegemezi kuomba atengewe fungu la kutosha, na watoto wa marehemu ni wategemezi hata kama hakuwa akiwalisha wakati anafariki, hata kama ni watu wazima. Ila ombi hilo lazima lifike kabla usimamizi haujathibitishwa na korti, jambo ambalo kwa kawaida hufanyika miezi sita baada ya hati ya usimamizi kutolewa. Ukichelewa, kuna kifungu cha 76: hati iliyopatikana kwa kumficha mtoto inaweza kubatilishwa wakati wowote. Lakini kufikia hapo shamba huenda limeuzwa mara mbili.

Kwa familia za Waislamu, Sheria ya Urithi haigawi mali. Hufuatwa sheria ya Kiislamu, na Mahakama ya Kadhi husikiliza ikiwa wote ni Waislamu na wamekubali mamlaka yake. Kwa miaka mingi jibu kwa mtoto wa nje ya ndoa lilikuwa kwamba hamrithi baba. Juni 2025 Mahakama ya Juu, ile ya mwisho kabisa nchini, iliamua kwamba kumnyima mtoto urithi wa baba yake Mwislamu kwa sababu tu wazazi hawakuoana ni ubaguzi usioruhusiwa na Katiba. Uamuzi huo umezua mjadala mkali misikitini na kwingineko, lakini mahakama za chini zinafungwa nao.

Pa kupata msaada

Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliundwa na sheria ya 2016 kwa ajili ya wasioweza kulipa wakili. FIDA Kenya huwasaidia wanawake na watoto, hasa kwenye matunzo, na mara nyingi hukufundisha kujiwakilisha mwenyewe. Kituo cha Sheria nacho kina mawakili wa kujitolea. Mtoto akiwa hatarini au ametelekezwa, piga 116, simu ya watoto isiyolipiwa.

Popote utakapokwenda, peleka nakala mbili za kila karatasi na kitambulisho chako. Karatasi halisi ziache nyumbani, na usimwachie mtu yeyote bila kupewa stakabadhi yenye jina lake.